Bodi Haipati Wajumbe Wapya: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kurekebisha

Barua ya kujiuzulu ikiingia, au mkutano mkuu ukikaribia huku viti vitatu viko wazi, wajumbe hutazamana na kuulizana: tumpate nani? Majina yanatajwa, mtu anaahidi kumpigia fulani, kikao kinafungwa. Miezi mitatu baadaye viti bado viko wazi, na maneno yanayosikika ni kwamba siku hizi watu hawapendi kujitolea.

Nimekaa kwenye bodi za mashirika yasiyolenga faida kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa katibu au kwenye kamati ya uteuzi, na maneno hayo siyakubali tena. Watu wapo. Kinachowakimbiza ni namna tunavyowaomba, mambo tunayowaficha, na vikao wanavyovikuta wakishafika. Ukiongeza majina kwenye orodha bila kugusa hayo matatu, wapya watapotea kwa njia ileile waliyopotelea wa zamani.

Kila sehemu hapa chini inaanza na unachokiona kwa macho, kisha inarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Nenda moja kwa moja kwenye dalili yako. Ila kuna jambo moja la kufanya kabla ya yote.

Kwanza fungua katiba ya shirika

Isome mwenyewe, hata kama mna mtu anayesema anaijua kwa moyo. Tafuta idadi ya chini na ya juu ya wajumbe, urefu wa muhula na mihula mingapi inaruhusiwa, akidi ya kikao, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali, nani hastahili kuwa mjumbe, na zaidi ya yote, nani mwenye mamlaka ya kumweka mjumbe: wanachama kwenye mkutano mkuu, bodi yenyewe, au chombo kingine nje ya shirika.

Niliwahi kuwa kwenye bodi iliyomkaribisha mama mmoja mhandisi, mtu makini kweli. Alihudhuria vikao vitatu na kupiga kura kwenye bajeti. Ndipo mmoja wetu akafungua katiba na kukuta kwamba wajumbe huchaguliwa na wanachama, na bodi inaruhusiwa kujaza tu nafasi iliyoachwa wazi katikati ya muhula. Kiti chake hakikuwa cha namna hiyo. Ilibidi maazimio yarudiwe, na yeye asubiri mkutano mkuu. Alivumilia, lakini hakustahili kufanyiwa vile.

Angalia pia sheria ya nchi mliposajiliwa. Sehemu nyingi shirika linatakiwa kumjulisha msajili kila mjumbe anapoingia au kutoka, na wakati mwingine jambo hilo lina muda maalumu.

Dalili: kila unayemwomba anasema ana shughuli nyingi

Huenda ni kweli. Lakini ukilipata jibu hilo kwa watu wanne mfululizo, lichunguze ombi lako. Mtu asiyeelewa anaombwa nini hujitoa kwa adabu, na kisingizio cha adabu kuliko vyote ni shughuli. Usipomwambia ni saa ngapi, kwa muda gani na za kufanya nini, atakadiria mwenyewe, na mwenye wasiwasi hukadiria juu.

Jipimeni hivi: muulize mjumbe mmoja wa sasa, ghafla, ujumbe wake unamchukua saa ngapi kwa mwaka. Muulize na mwingine bila wa kwanza kuwepo. Mmoja akisema ishirini na mwenzake mia moja, basi hata ninyi hamjui, na mnayemwomba atajuaje?

Kaeni mpige hesabu. Chukua bodi inayokutana mara 6 kwa mwaka. Kikao saa 2, kwenda na kurudi saa 1, jumla saa 18. Kusoma makabrasha kabla ya kila kikao saa 2, hizo ni 12. Kamati moja yenye vikao 4 vya saa moja na nusu, saa 6. Siku moja ya kupanga mkakati, saa 8. Shughuli mbili za shirika ambazo mjumbe anatarajiwa kuonekana, saa 4 kila moja, saa 8. Simu na barua pepe, saa 1 kwa mwezi, 12. Zote pamoja ni saa 64, zaidi kidogo ya saa 5 kwa mwezi. Huo ni mzigo ambao mtu anaweza kuupima na kusema ndiyo au hapana kwa haki.

Ziandike hizo saa kwenye ukurasa mmoja. Ongeza urefu wa muhula, kamati zilizopo, kama mjumbe anatarajiwa kuchangia au kuchangisha fedha, na kama nauli inarudishwa. Suala la fedha usiliache mpaka akishakubali. Mjumbe anayegundua kwenye kikao cha pili kwamba kila mtu huchangia kiasi fulani kila mwaka hujiona amenaswa.

Kisha tazama maneno yenyewe ya ombi. "Tungependa ujiunge na bodi yetu, tunahitaji watu kama wewe" hayamwambii mtu kitu. Linganisha na haya: "Mwaka ujao tunahama ofisi, na hakuna kati yetu aliyewahi kusoma mkataba wa pango kwa jicho la mwanasheria. Wewe umeifanya kazi hiyo miaka mingi. Tunaomba muhula mmoja wa miaka mitatu, saa tano kwa mwezi. Naomba tukutane nusu saa nikueleze, na usinijibu siku hiyohiyo." Aliyeambiwa hivi anajua kwa nini ametafutwa yeye na si jirani yake.

Ombi kama hili litoke kwa mjumbe wa bodi, ikiwezekana mwenyekiti, ana kwa ana au kwa simu. Likipelekwa na mfanyakazi wa ofisi kwa ujumbe mfupi, mtu anaona bodi yenyewe haikujisumbua.

Halafu kuna muda. Bodi nyingi huanza kutafuta wiki mbili kabla ya mkutano mkuu. Mtu wa maana anahitaji kuongea na mwenzi wake, pengine kuomba ruhusa ya mwajiri, kusoma hesabu zenu na kulala nalo. Mpe wiki mbili na atasema hapana kwa sababu hapana ndilo jibu la haraka. Bodi zisizohangaika huongea na watu miezi sita, hata mwaka mzima, kabla kiti hakijawa wazi.

Dalili: wanakubali, wanakuja mara mbili, wanapotea

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu niliwahi kuisababisha.

Nilimwomba muuguzi mmoja mwandamizi ajiunge na bodi ya shirika dogo la afya. Aliponiuliza kazi ni ipi, nikamwambia, "Wala hakuna kazi kubwa, ni vikao tu." Niliogopa asije akakataa. Alikuja kikao cha kwanza mapema kuliko sote, na daftari jipya. Mkurugenzi akasoma ripoti yake kwa dakika hamsini, ripoti ileile tuliyotumiwa wiki iliyopita. Vifupisho vya miradi vikapita vitano, sita, bila mtu kuvifafanua. Nilimwona akiviandika kimoja kimoja pembeni ya ukurasa na alama ya kuuliza mbele yake. Tukabishana kuhusu jambo lililoanza miaka miwili kabla hajafika. Kikao cha pili kikawa hivyohivyo, na daftari halikufunguliwa. Cha tatu alituma udhuru. Cha nne hakutuma chochote.

Nilimpigia baadaye, nikamwomba aniambie ukweli. Alinijibu kwa upole: "Uliniambia hakuna kazi. Mimi nilikuja nikitafuta kazi."

Mjumbe anayepotea hivi amesukumwa na vitu vitatu kwa kawaida: aliahidiwa mepesi, alikuta vikao visivyoamua chochote, na hakuna aliyempokea. Cha kwanza dawa yake nimeitaja hapo juu: ukurasa mmoja wa ukweli.

Kwa cha pili, chukua mihtasari ya vikao vinne vilivyopita na kalamu. Kila palipoandikwa "bodi iliamua" au "iliazimia" jambo ambalo lingeweza kuamuliwa vinginevyo, piga mstari. Kila palipoandikwa "wajumbe walijulishwa" au "walipokea taarifa", weka duara. Kurasa zikijaa maduara, mmekuwa mkiwaita watu wenye akili zao kuja kusikiliza. Hakuna mpya atakayebaki, na waliobaki wamebaki kwa mazoea.

Marekebisho yake hayana gharama. Ripoti zitumwe siku saba kabla, na kikao kizichukue kuwa zimesomwa. Mkurugenzi apewe dakika kumi za maswali tu. Mambo ya kawaida yasiyo na ubishi, kama kuthibitisha muhtasari na kupokea taarifa za kamati, yapitishwe kwa pamoja kwa azimio moja, na mjumbe yeyote awe na haki ya kulitoa jambo humo likajadiliwe. Muda unaobaki upewe maswali mawili mazito ambayo jibu lake hamlijui bado. Mwanzoni wajumbe wa zamani watalalamika kwamba "hatujasomewa ripoti". Mwenyekiti asirudi nyuma. Akiwasomea mara moja, hawatasoma tena.

Cha tatu, mapokezi. Kabla ya kikao chake cha kwanza mjumbe mpya awe na katiba, mihtasari ya mwaka mmoja, hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili au mitatu, bajeti ya sasa, mpango mkakati, sera ya mgongano wa maslahi, majina na simu za wenzake, na karatasi moja yenye vifupisho vyenu vyote na maana zake. Hiyo ya mwisho watu huidharau. Mtu hawezi kuchangia mjadala ambao nusu ya maneno yake hayaelewi, na aibu itamzuia kuuliza.

Mpe mwenyeji, mjumbe wa zamani atakayeketi karibu naye vikao vitatu vya mwanzo na kumnong'oneza historia ya mambo. Mpe kazi moja yenye mwanzo na mwisho ndani ya siku tisini: apitie sera fulani, aende kuangalia mradi na kuleta taarifa. Na baada ya kikao cha kwanza, ndani ya siku mbili, mwenyekiti ampigie. Asimuulize "umeonaje?", kwa kuwa jibu ni "vizuri" na mazungumzo yataishia hapo. Amuulize, "Ni kitu gani hukukielewa?"

Kuna njia nyingine ninayoipenda. Kama katiba yenu inaruhusu watu wasio wajumbe kukaa kwenye kamati, mwanzishe huko. Miezi sita kwenye kamati ya fedha au ya programu inawaonyesha anavyofika, anavyosoma, anavyopinga hoja. Yeye naye anawaona ninyi. Akiona hapafai, anaondoka bila kelele na kiti cha bodi hakijaguswa.

Dalili: wanakuja, lakini wote wanafanana

Taaluma moja, umri mmoja, mtaa mmoja wa mawazo. Chanzo kinajulikana: kila mjumbe analeta rafiki yake, na rafiki naye ana rafiki. Hakuna nia mbaya hapo. Lakini bodi ya namna hii inakubaliana haraka mno, na makosa yake huyaona wote kwa pamoja, baada ya kutokea.

Watu wengi hushauri jedwali la ujuzi: majina ya wajumbe upande mmoja, sifa zinazohitajika upande mwingine, tia alama, tazama penye mapengo. Ni chombo kizuri, lakini nimeona kikiharibiwa kwa namna mbili. Kwanza, safu zote huwa za taaluma: sheria, fedha, mawasiliano, uchangishaji. Hakuna safu ya mtu aliyeishi jambo lenyewe ambalo shirika linalishughulikia. Shirika la watu wenye ulemavu likawa na bodi ya wataalamu kumi, wote wanaotembea na kuona bila shida, na jedwali likawaambia wamekamilika. Pili, katibu hulijaza mwenyewe kwa kudhani. Waachieni wajumbe wajaze wenyewe; mtashangaa nani aliwahi kuendesha duka, nani alisimamia ujenzi.

Jaza jedwali kwa kutazama mpango wa miaka mitatu ijayo, maana bodi iliyofaa kuanzisha shirika huenda isifae kuliongoza likishakuwa na wafanyakazi arobaini.

Mkishaona pengo, msilizibe kwa mtu mmoja. Kijana mmoja kati ya wazee kumi ataulizwa kuhusu mitandao ya kijamii tu, na mnufaika mmoja atageuzwa msemaji wa wanufaika wote. Leteni wawili kwa pamoja. Tofauti huonekana kikao cha kwanza: mmoja akianza sentensi, mwenzake huimalizia, na wakubwa wanalazimika kusikiliza.

Na jiulizeni kinachowazuia wengine kuingia. Kikao cha saa nne asubuhi siku ya kazi kinamfaa mstaafu na mwenye biashara yake. Mwajiriwa wa kawaida hawezi. Nauli isiyorudishwa inachuja watu kwa mifuko. Mzazi wa watoto wadogo hafiki jioni. Kurudisha gharama halisi za mjumbe ni jambo linaloruhusiwa kwa mashirika mengi, hata pale ambapo kumlipa kwa ujumbe wenyewe hakuruhusiwi. Soma katiba na sheria yenu, kisha liwekeni kwenye sera ili asiwepo wa kuomba kwa haya.

Tangazo la wazi nalo linasaidia kuvuka mduara wa marafiki, mradi liwe na zile saa, muhula na sifa mnazotafuta, na mwombaji apewe usaili wa kweli. Tangazo la "mwenye nia ajitokeze" likitupwa kwenye kundi la watu mia mbili, kila mmoja hudhani anaambiwa mwingine.

Dalili: hakuna mhasibu anayekubali

Wahasibu huombwa na kila mtu, hilo la kwanza. La pili, wanajua kitakachofuata: wakishaingia, watapewa vitabu waviandike. Kusimamia fedha na kuandika hesabu za kila siku ni kazi mbili tofauti, na shirika linalomtaka mweka hazina afanye zote mbili linatafuta mtunza vitabu wa bure. Lipeni mtu wa kuandika vitabu, hata kwa saa chache kwa mwezi, kisha mwombeni mhasibu kazi ya kusoma, kuuliza na kuwaeleza wenzake. Mtaona majibu yanabadilika.

Na msimtwishe peke yake. Kila mjumbe anawajibika kwa fedha za shirika, awe anajua kusoma mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, au hajui. Mfundisheni kila mmoja, nusu saa tu, kwa kutumia taarifa zenu wenyewe.

Dalili: mtu mzuri alifika hatua ya mwisho, akasita

Muulize aliomba kuona nini kabla ya kusita. Mara nyingi aliomba hesabu zilizokaguliwa akaambiwa "zinaandaliwa", au aliuliza kama kuna kesi au deni akapewa jibu refu lisilofika mahali.

Mjumbe wa bodi anabeba wajibu wa kisheria. Maelezo hutofautiana nchi kwa nchi, lakini msingi wake hufanana: kuwa mwangalifu katika maamuzi kama mtu makini angekuwa, kutanguliza maslahi ya shirika kuliko yake, na kuhakikisha shirika linafuata malengo yaliyoandikwa na sheria. Kwa kawaida shirika lililosajiliwa kama chombo kinachojitegemea huwakinga wajumbe dhidi ya madeni yake, lakini kinga hiyo ina mipaka. Zipo nchi ambako kodi iliyokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi isipopelekwa inakohusika, mamlaka zinaweza kuwadai wajumbe wa bodi kutoka mifukoni mwao. Mtu anayelijua hili akikuta hesabu zenye giza, hukimbia, na ana haki.

Kwa hiyo andaeni bahasha ya mgombea. Hesabu za miaka mitatu, barua ya mkaguzi yenye mapungufu aliyoyaona, hali ya makato na kodi, mikataba ya ruzuku inayokaribia kuisha, mashauri yaliyopo, na kama mna bima ya dhima, inayowalinda wajumbe wakidaiwa kwa maamuzi ya bodi, au hamna. Mapungufu msiyafute. Andikeni chini yake mnafanya nini kuyarekebisha. Nimeona mgombea akisoma kwamba shirika lina deni la kodi na mpango wa kulilipa kwa awamu, akakubali siku ileile, kwa kuwa aliona watu wasiomdanganya. Akigundua mwenyewe baada ya kuapa, hamtampata tena, wala rafiki zake.

Dalili: watu wapo, lakini viti haviachwi

Wajumbe wa tangu mwanzo hawatoki, na kuwagusa ni kama kukosa shukrani. Kwa kawaida chanzo ni katiba isiyo na ukomo wa mihula, au yenye ukomo ambao hakuna anayeutaja.

Mpango unaotumiwa na bodi nyingi ni muhula wa miaka mitatu, mihula miwili, kisha mapumziko ya walau mwaka. Muupange kwa zamu. Bodi ya watu 9 igawanywe makundi matatu, kila mwaka kundi moja limalize muhula. Hivyo hampotezi kumbukumbu yote kwa mpigo, na mnajua kila mwaka kwamba kuna viti vitatu vya kujadiliwa. Mkianza leo, pigeni kura ya bahati kupata kundi la mwaka mmoja, la miwili na la mitatu. Mjumbe anayeondolewa na karatasi iliyookotwa hakasiriki kama anayeondolewa na mdomo wa mwenzake.

Mwanzilishi ni habari nyingine. Amelilea shirika kwa mikono yake, na kumwambia "muhula wako umekwisha" kwenye kikao, mbele za watu, ni ukatili. Mwenyekiti na mjumbe mmoja anayemheshimu waende kwake, wakae, wamsikilize kwanza anaogopa nini. Mara nyingi anaogopa kwamba lengo litasahaulika. Mpeni kazi inayolinda lengo hilo: kuwafundisha wajumbe wapya historia ya shirika, kukutana na wafadhili wa siku nyingi. Kumpa cheo cha mlezi kunasaidia, ila iandikwe wazi kwamba mlezi hapigi kura. Pasipoandikwa, mtakuwa na bodi mbili.

Dalili: anakubali haraka mno

Anayesema ndiyo kabla hujamaliza sentensi apewe muda zaidi, sio kiti. Wapo wenye moyo wa haraka kweli. Wapo pia wanaotafuta zabuni, ajira ya ndugu, jina kwenye wasifu au jukwaa la kisiasa. Utawatofautisha kwa maswali: kwa nini shirika hili? Ni lini mara ya mwisho ulipinga jambo kwenye kikao na ikawaje? Je, wewe, familia yako au biashara yako mna uhusiano wowote na shirika, wafanyakazi wake au wanaoliuzia bidhaa? Swali la mwisho ajibu kwa maandishi.

Wapigie wadhamini wawili, na angalau mmoja awe alikaa naye kwenye kamati au bodi nyingine. Muulize kama alikuwa anafika. Ni swali dogo, lakini wadhamini husita hapo kama kuna tatizo.

Mkiona hafai, mwambieni mapema na kwa heshima kwamba kwa sasa hamtaendelea na jina lake. Bodi inayoona haya kukataa humbeba mtu huyo miaka mitatu.

Dalili: majina yote yanaletwa na mkurugenzi mtendaji

Mkurugenzi anawajua watu wengi na mapendekezo yake yapokelewe. Lakini bodi ndiyo inayomwajiri, inayompima na inayoweza kumwachisha kazi. Akiwachagua yeye, amechagua wasimamizi wake. Kamati ya uteuzi iwe na wajumbe wawili au watatu wa bodi, ifanye mazungumzo ya kwanza na ya mwisho, na mkurugenzi akutane na mgombea katikati ili kila upande useme kama wanaweza kufanya kazi pamoja. Mkurugenzi mwema hufurahia mpangilio huu, kwa kuwa siku akishutumiwa, bodi inayomtetea itaaminika.

Dalili: mmebaki wachache, akidi haitimii

Hii ni dharura, na haraka huzaa kosa kubwa: kukutana watu watatu pale inapotakiwa watano na kuamua mambo kama kawaida. Maamuzi hayo yanaweza kupingwa baadaye, yakiwemo ya kufungua akaunti au kusaini mkataba.

Rudi kwenye katiba. Nyingi zina kifungu kinachowaruhusu wajumbe waliobaki, hata wakiwa chini ya akidi, kufanya mambo mawili tu: kujaza nafasi zilizo wazi au kuitisha mkutano mkuu wa wanachama. Kama kipo, fanyeni hayo mawili na msiguse kingine. Kama hakipo, pateni ushauri wa mwanasheria au wa ofisi ya msajili kabla ya kikao chochote.

Wakati huohuo wapigie waliojiuzulu mwaka uliopita. Wachache watakubali kurudi kwa miezi sita kwa masharti ya maandishi, na wanaokataa watakwambia kwa nini waliondoka. Ukweli ambao hawakuuandika kwenye barua zao utaupata hapo, kwa hiyo nyamaza na uandike.

Kama katiba inataka watu kumi na watano na shirika lina wafanyakazi wanne, tatizo linaweza kuwa idadi yenyewe. Pendekezeni kwa wanachama ipunguzwe hadi saba au tisa. Na kama baada ya juhudi za kweli hakuna anayetaka kulibeba shirika, zungumzeni na shirika jingine lenye lengo kama lenu kuhusu kuungana. Nimeshuhudia muungano wa namna hiyo. Huduma haikusimama hata wiki moja.

Akidi ikishatimia tena, ajenda ya kikao hicho cha kwanza iwe na kipengele cha kuunda kamati ya uteuzi, majina ya wajumbe wake, na tarehe watakayokutana.